Makubadhi ya Siyu

Kwetu Ugweno, wilaya ya Mwanga, ukitaja Washana umetaja wahunzi. Waliyeyusha chuma wenyewe, na Wachagga walikinunua. Chuma cha Ulaya kilipoingia, tanuri zikapoa. Babu yangu mzaa mama ni Mshana, na hajawahi kufua hata kisu. Kwa hiyo nilipotafuta mada ya tasnifu nilivuka mpaka Holili, nikashuka Mombasa, nikapanda basi la Lamu. Nilitaka kuona mji ambao ufundi wake haujafa.

Siyu iko kisiwani Pate. Boti kutoka Lamu huyasubiri maji yajae, la sivyo hukwama kwenye mikoko. Tulishuka Mtangawanda, tukamalizia kwa pikipiki.

Mgeni hupelekwa ngomeni kwanza, na si vibaya. Chini ya Bwana Mataka, mji huu uliyashinda majeshi ya Sayyid Said miaka ya 1840. Haukusalimu amri mpaka 1863, enzi ya Majid. Mkewe Mataka ndiye Mwana Kupona, yule wa utendi wa 1858 tunaouchambua darasani. Lakini ngome hailishi watu. Siyu ilikula kwa mikono yake: ngozi za ng'ombe ziligeuka makubadhi, mikanda, ala za panga na majalada ya misahafu iliyonakiliwa papo hapo. Mwanachuoni na mpiganaji, wote walimhitaji fundi wa ngozi. Sisi wanahistoria tumemwandika mpiganaji zaidi (mimi pia: sura yangu ya kwanza yote ni vita).

Fundi niliyemkuta barazani alikuwa akishona kubadhi. Nikamuuliza kuhusu majalada.

"Hayo aliyajua babu. Mimi najua viatu."

"Na wanao?"

"Wako Mombasa."

Kichwa cha tasnifu yangu kilikuwa na neno "kuendelea". Usiku ule nililikata.

Kesho yake nilirudi, nikamsimulia habari za Washana. Alisikiliza bila kuinua macho, kisha akauliza, "Na wewe, mwanangu, mikono yako inajua nini?"

Nikamwambia inajua kuandika. Akacheka, akanisogezea kipande cha ngozi na msharasi, akanionyesha pa kushika. Tundu langu la kwanza lilikwenda kombo. Alilitazama, akakitupa kile kipande kando, akanipa kingine.