Kiti Kisicho na Mshahara: Wajumbe wa Vyama vya Mlima Kilimanjaro

Kamati na bodi za vyama vya vijijini Kilimanjaro huongozwa na wakulima wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, kama wale waliowachagua. Siku ya kikao mjumbe huacha jembe, hukagua daftari au mfereji, kisha hurudi nyumbani bila mshahara. Watu wengi hudhani utaratibu huo ulianza na ushirika wa kahawa. Ukweli ni kwamba ni wa zamani zaidi, na chimbuko lake ni maji.

Mteremko wa kusini wa mlima hupata mvua nyingi, hasa ukanda wa msitu, lakini mito yake hupita kwenye makorongo marefu. Maji yako chini, ilhali nyumba na migomba viko juu ya migongo ya ardhi. Wachagga, wenyeji wa mlima, walilitatua tatizo hilo kwa mfongo: mfereji unaochukua maji juu kabisa ya mto, penye banio la mawe, matawi na udongo wa majani, kisha kufuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana hadi kwenye vihamba. Penye bonde dogo maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa mashimo. Wazungu wa kwanza kuufikia mlima katikati ya karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi, na katika karne ya 20 idadi yake ilizidi 1,000.

Kazi kama hiyo haikuwezekana kwa mtu mmoja, wala haikuisha siku ya kuchimba. Banio lilibomolewa na kila mvua kubwa, na tope lilijaa mferejini. Ndiyo maana kila mfongo ulikuwa na watu wake: wale waliochimba, na baadaye wazao wao, pamoja na walioruhusiwa kujiunga kwa kutoa mbege, pombe ya ndizi, na nguvu. Uongozi ulibaki kwa kawaida katika ukoo wa mwanzilishi. Mzee wa mfongo ndiye aliyeita watu kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, aliyepanga nani amwagilie asubuhi na nani jioni, na aliyesikiliza ugomvi pale mtu alipofungulia maji kwa siri usiku. Aliyekosa msaragambo alitozwa faini, mara nyingi pombe, au alinyimwa zamu yake mpaka alipe. Maji ya usiku yalikusanywa kwenye mabwawa madogo yafunguliwe mchana. Kwa majirani wa Upare mabwawa ya namna hiyo huitwa ndiva, nayo yalikuwa na wasimamizi wao.

Si sahihi kumwita mzee huyo mtu wa kujitolea kwa maana ya mtu asiyepata kitu. Alikuwa na zamu nzuri, sehemu ya pombe ya faini, na neno lililosikilizwa katika mtaa. Hakulipwa, lakini alifaidika, na wote walijua anafaidikaje. Wanawake walichota maji ya mfongo kila siku, ila uchimbaji na vikao vilikuwa mambo ya wanaume.

Kahawa ilibadilisha ukubwa wa mambo. Ilipandwa kwanza na wamisionari Wakatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Waingereza kuchukua nchi wakulima Waafrika waliipanda kwa wingi, wakihimizwa na Charles Dundas, ofisa wa utawala aliyekuwa Moshi. Walowezi hawakupenda. Waliona mfano wa Kenya, ambako Waafrika walizuiwa kulima kahawa ya arabika, wakataka Kilimanjaro iwe vivyo hivyo. Mwaka 1925 wakulima waliunda Kilimanjaro Native Planters' Association, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Chama kilipambana na wadudu, kiliuza kahawa kwa pamoja na kilitetea haki ya kuilima. Wawakilishi wake walikuwa wakulima waliosemea maeneo yao, hivyo kwa mara ya kwanza mjumbe wa kijijini alikuwa na mambo ya kubishana na serikali, na hata na mangi wake, yaani chifu. Serikali haikufurahia.

Baada ya sheria ya ushirika ya 1932, chama kipya, Kilimanjaro Native Co-operative Union, maarufu kama KNCU, kilichukua nafasi ya chama hicho mwaka 1933, chini yake kukiwa na vyama vya msingi. Meneja wake alikuwa Mwingereza, A.L.B. Bennett. Kila chama cha msingi kilikuwa na kamati iliyochaguliwa na wanachama. Karani wa mizani na katibu walilipwa. Wajumbe wa kamati hawakulipwa mshahara. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha mizani haidanganyi, kahawa mbaya hairuhusiwi kuchanganywa na nzuri, na fedha zinamfikia mkulima.

Lakini mzee wa mfongo alisimamia maji yaliyoonekana kwa macho, ilhali mjumbe wa kahawa alisimamia bei iliyopangwa mbali na mlima. Kahawa ya Wachagga ililazimishwa kupitia KNCU, na bei ya miaka ya 1930 ilikuwa duni. Mwaka 1937 ghasia zilizuka na majengo ya vyama vya msingi yakashambuliwa. Hasira iliangukia mlango uliokuwa karibu, na kwenye mlango huo walikaa majirani wa washambuliaji. Bei ilipopanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sifa za kamati zilipanda nayo.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kazi za vyama vya msingi zikaingia katika serikali za vijiji. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya 1982, KNCU ikaanza tena mwaka 1984. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kushindana vijijini, na kamati iliyozoea kuwa mnunuzi pekee ikalazimika kumbembeleza mkulima. Baadhi ya vyama vya msingi, katika kundi lijulikanalo kama G32, vilijiondoa ili vipeleke kahawa yao mnadani Moshi moja kwa moja.

Maji nayo yalipata bodi za kisasa. Ofisi ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991 kusimamia vibali vya kutumia mito, na sheria ya rasilimali za maji ya 2009 ikatoa nafasi kwa jumuiya za watumia maji. Katika miradi ya bomba ya wilaya ya Hai iliyosaidiwa na Ujerumani, bodi za wadhamini zilipewa wawakilishi wa watumiaji. Sera ya maji ya 2002 ilisisitiza wanawake washiriki katika uamuzi, na hilo ndilo badiliko lililougusa utaratibu wa mfongo kuliko sheria nyingi kabla yake. Sheria ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilivikabidhi huduma vyombo vya jamii ambavyo huajiri mafundi na wahasibu wa kulipwa, huku kamati zikichaguliwa na watumiaji wenyewe. Mifongo iliyobaki inaendelea na viongozi wake. Mingine imesajiliwa ndani ya jumuiya za watumia maji, mingine bado inaendeshwa kwa msaragambo na faini.