Dar es Salaam na maji ya mto mmoja

Kwa zaidi ya miaka 60, sehemu kubwa ya maji ya bomba jijini Dar es Salaam imetoka Mto Ruvu. Mto huo huanzia milima ya Uluguru mkoani Morogoro, hupita mkoa wa Pwani na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo.

Mji ulianza kwa visima, ambavyo vingi vilivyo jirani na bahari hutoa maji ya chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijenga mtambo wa Mtoni kwenye Mto Kizinga, lakini mto huo ni mdogo na mji ulikuwa unakua. Mwaka 1959 ukajengwa mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na mwaka 1976 wa Ruvu Chini, Bagamoyo. Maji husafishwa huko, kisha husukumwa kwa pampu hadi matangi ya Kimara na ya Chuo Kikuu, ambako huteremka kwenda mitaani. Umeme ukikatika mitamboni, mabomba ya jiji hukauka.

Uendeshaji umebadilika mara nyingi kuliko chanzo. Mamlaka ya NUWA iliundwa mwaka 1981, na mwaka 1997 ikafuatiwa na DAWASA, iliyopewa pia kazi ya majitaka. Ubinafsishaji ukiwa sharti la mkopo wa Benki ya Dunia, mwaka 2003 kampuni ya City Water, yenye wanahisa wa Uingereza, Ujerumani na Tanzania, ilikabidhiwa huduma kwa mkataba wa miaka 10. Serikali iliuvunja mkataba huo Mei 2005 na kuunda shirika la DAWASCO. Shauri lilifika mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa, ambalo mwaka 2008 liliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, ila halikuamuru fidia. Mwaka 2018 DAWASCO iliunganishwa na DAWASA.

Wakati huohuo watu wa jiji waliongezeka kutoka 4,364,541 katika sensa ya 2012 hadi 5,383,728 katika sensa ya 2022. Mitaa mingi ilijengwa kabla mabomba hayajafika, ikaishi kwa visima, maboza na mikokoteni ya madumu ya lita 20. Mnunuzi wa dumu hulipa ghali kuliko mwenye mita, ingawa mara nyingi kipato chake ni kidogo zaidi.

Upanuzi uliofanyika katika muongo wa 2010 uliongeza uwezo wa Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 hadi 270 kwa siku, na wa Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196. Mtambo, hata hivyo, hausafishi maji ambayo mto hauna. Ukame wa mwishoni mwa 2022 ulishusha kina cha Ruvu na jiji likaingia kwenye mgawo. Visima virefu vya Kigamboni vikaingizwa kwenye mtandao ili kupunguza makali.

Tegemeo kubwa la mbele ni Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, litakalohifadhi mita za ujazo milioni 190 za maji ya masika kwa ajili ya kiangazi. Faida yake itapungua iwapo maji yataendelea kuvujia ardhini kupitia mabomba chakavu. Tena bwawa lenyewe ni la Ruvu: misitu ya Uluguru ikiisha, hifadhi hiyo itajaa tope kabla ya maji.