Mwanamke Baada ya Uzazi: Ukomohedhi na Tiba ya Homoni katika Historia ya Bagira

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza jambo ambalo halijapewa nafasi kubwa katika historia ya afya ya Kongo ya mashariki, nalo ni hali ya mwanamke aliyekoma hedhi anapofika mbele ya daktari. Mahali tulipopachagua ni Bagira, mojawapo ya komine za mji wa Bukavu. Kipindi tunachokiangalia kinaanza na miaka ya mwisho ya ukoloni na kufikia siku zetu.

Inasemwa mara nyingi kwamba wanawake wetu hawazungumzi juu ya jambo hili kwa sababu ya haya na mila. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Haya haikumzuia mwanamke wa Bagira kumweleza muuguzi habari za mimba yake, wala za kuzaa, wala za kuzuia mimba. Alizieleza kwa sababu aliulizwa. Hoja yetu ni kwamba huduma ya afya katika mji huu ilijengwa tangu mwanzo kuzunguka tumbo linalozaa, na kwamba ukimya tunaouona leo ni matokeo ya ujenzi huo kwa kiasi kikubwa.

Neno na maana yake

Tuanze na lugha, kwa kuwa mgonjwa huingia kwa daktari akiwa na maneno kabla ya kuwa na vipimo. Katika Kiswahili sanifu cha vitabuni tunakuta "ukomohedhi" au "kukoma hedhi". Neno "hedhi" asili yake ni Kiarabu. Msomaji wa Dar es Salaam au wa Unguja hulielewa bila shida, lakini katika mazungumzo ya kila siku ya Bukavu si neno la kawaida. Huku mwanamke husema kwamba yuko mwezini, au kwamba ameona siku zake. Zinapokoma, hueleza kwa sentensi nzima kwamba hazioni tena.

Kifaransa, lugha ya waganga wetu, kimelipata jina lake karibuni kuliko wengi wanavyodhani. Daktari Charles de Gardanne wa Paris ndiye aliyelitunga mwanzoni mwa karne ya 19, na umbo la "ménopause" lilionekana katika kitabu chake cha mwaka 1821. Kabla yake, na hata baada yake, Wafaransa walisema "umri wa hatari" au "marejeo ya umri". Gardanne alichukua maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya mwezi na jingine lenye maana ya kukoma. Yafaa msomaji alizingatie jambo hili. Tukilifasiri neno la daktari moja kwa moja, tunapata "ukomo wa mwezi", yaani maneno ambayo mwanamke yeyote wa Bagira angeyaelewa mara moja. Picha ile ile ya mwezi iliyokuwamo katika Kigiriki imo pia katika Kiswahili chetu. Kilichokosekana ni mtu wa kuitumia katika chumba cha daktari.

Bagira na tiba ya mama

Bagira ya leo ilichipuka katika enzi ya Mpango wa Miaka Kumi wa Kongo ya Wabelgiji (1949–1959). Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga hapo nyumba za matofali kwa ajili ya wafanyakazi na jamaa zao, mbali kidogo na mitaa ya Wazungu ya mji ulioitwa Costermansville hadi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950. Nyumba hizo zilikuwa na fikra ndani yake. Serikali na kampuni zilitaka mfanyakazi atulie mjini, awe na mke, na mke huyo azae watoto wenye afya. Kwa hiyo nyumba, materniti, upimaji wa watoto wachanga na mafunzo ya akina mama vilikwenda pamoja.

Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameonyesha, katika makala zake za mwaka 1988 na 1990, jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyojishughulisha na unyonyeshaji, nafasi kati ya mtoto na mtoto, na malezi ya mke wa mfanyakazi. Mfano wake mmoja ni jumba la mafunzo ya wanawake la Usumbura, Bujumbura ya leo, mji jirani na wetu. Wakoloni walihofia upungufu wa watu. Katika sehemu kadhaa za Kongo, hasa Ekwateri, wanawake wengi hawakuzaa, na uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu wa miaka ya 1955 hadi 1957 uliifanya hofu hiyo kuwa hesabu. Kivu haikuwa na upungufu huo. Hata hivyo ilipokea taasisi zile zile. Katika taasisi hizo mwanamke aliingia kama mja mzito, akarudi kama mzazi. Uzazi ulipokwisha, mlango ulifungwa nyuma yake bila mtu kuamuru ufungwe.

Utaratibu huu haukufa pamoja na ukoloni. Zaire ilipogawanywa katika kanda za afya, katika miaka ya 1980, huduma za msingi kwa mwanamke zilikuwa uangalizi wa mimba, kuzalisha na kupanga uzazi. Huduma hizo ziliokoa maisha ya wengi, na hatukusudii kuzidharau. Lakini tuangalie karatasi ya muuguzi. Tarehe ya hedhi ya mwisho, inayoandikwa kwa herufi tatu za Kifaransa, DDR, huulizwa ili kuhesabu umri wa mimba. Kwa mwanamke wa miaka 52 mstari huo haumsaidii muuguzi kuhesabu kitu, nao ni rahisi kuachwa mtupu. Hata hivyo, kwa mwanamke huyo jibu lake ndilo lingefungua mazungumzo yote.

Safari ya homoni

Wakati materniti zilipokuwa zikienea Kongo, tiba nyingine ilikuwa ikikua Ulaya na Marekani. Mwaka 1929 Edward Doisy, Mmarekani, na Adolf Butenandt, Mjerumani, kila mmoja kwa njia yake, walifaulu kuitenga homoni ya kike iliyoitwa estroni. Hata kabla ya hapo, kampuni za Ujerumani na Uholanzi zilikuwa zimeanza kuuza dawa za namna hiyo. Mwaka 1942 Marekani iliruhusu Premarin, dawa inayotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, na jina lake limetokana na asili hiyo. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa New York alichapisha kitabu kilichouita ukomohedhi ugonjwa wa upungufu, akaahidi kwamba homoni zingemhifadhi mwanamke katika ujana. Baadaye ilifahamika kwamba kampuni za dawa zilikuwa zimemsaidia kwa fedha.

Mwaka 1975 tafiti za Marekani zilionyesha kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake huongeza saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba. Ndiyo sababu mwanamke mwenye mji wa mimba hupewa projestojeni pamoja nayo. Kisha ukaja Julai 2002, ambapo utafiti mkubwa wa Marekani wenye wanawake 16,608 ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kwa kila wanawake 10,000 katika mwaka mmoja, waliotumia homoni hizo mbili walikuwa na visa 8 zaidi vya saratani ya matiti, pia visa 8 zaidi vya kiharusi, ingawa mivunjiko ya nyonga ilipungua. Hofu ilienea, na wengi wakaacha dawa. Wataalamu walioyarudia matokeo hayo walikumbusha kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na kizuizi cha kiafya, faida mara nyingi huzidi madhara. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba onyo kali lililobandikwa kwenye dawa hizo litaondolewa.

Homoni zilizofika Bagira

Mabishano hayo yote yalipita mbali na Bagira. Homoni zilifika kwetu kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1972 Rais Mobutu alitangaza siasa ya "uzazi unaotakiwa", na mwaka 1982 ukaanzishwa mradi wa taifa wa huduma hizo kwa msaada wa Marekani. Vidonge na sindano vikaingia katika vituo vya afya, ingawa makatazo ya enzi ya ukoloni juu ya vizuia mimba yalibaki katika vitabu vya sheria hadi sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018. Hivyo neno "homoni" lilifungamana na kuzuia mimba. Ugavi wenyewe ulitegemea wafadhili, na kusimamishwa kwa misaada ya Marekani mwaka 2025, mwaka ule ule ambao Bukavu ulitekwa na M23 mwezi Februari, kulionyesha udhaifu wa tegemeo hilo.

Madhara ya historia hii yanaonekana katika mambo matatu. La kwanza ni kupotoka kwa utambuzi. Joto la ghafla na jasho la usiku, mbele ya mganga asiyeuliza habari za mwezi, hufanana na homa ya malaria. Katika mji huu wenye kiwanda chake cha kwinini, dawa ya malaria huja mkononi upesi kuliko swali.

La pili ni matumizi ya dawa isiyofaa. Kidonge cha kuzuia mimba si tiba ya ukomohedhi. Aina nyingi zake zina estrojeni ya kutengenezwa yenye nguvu kuliko ile ya tiba, nayo ni hatari kwa mwanamke wa umri huo mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kupata damu iliyoganda katika mishipa.

La tatu ndilo zito zaidi. Mwanamke ambaye hajaona damu kwa mwaka mzima, kisha akaiona tena, anaweza kudhani kwamba mwezi umerudi. Damu hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani, na lazima ichunguzwe mara moja. Hapa neno lisilofafanuliwa laweza kugharimu uhai.

Yupo atakayesema kwamba haya ni matatizo ya nchi zenye umri mrefu wa kuishi, na kwamba zamani wanawake wetu hawakufika huko. Hoja hiyo haikubaliki. Wastani wa umri wa kuishi ulishushwa hasa na vifo vya watoto; aliyevuka utoto na hatari za uzazi aliweza kuuona uzee, na bibi na nyanya wamejaa katika kumbukumbu za kila ukoo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa wanawake wengi ukomohedhi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Katika umri huo mwanamke wa Bagira bado anapanda mlima na mzigo, bado anafanya biashara sokoni, bado analisha nyumba. Usiku usio na usingizi kwake ni siku ya kazi iliyoharibika.

Hitimisho

Tumeona kwamba taasisi zilizomhudumia mwanamke wa Bagira zilimwona kupitia uzazi wake, na kwamba hata homoni zilimfikia kwa mlango huo huo. Hatusemi kwamba kila mwanamke anahitaji dawa. Wengi huvuka kipindi hiki bila taabu kubwa, na wengine, kama waliowahi kuugua saratani ya matiti, hawapaswi kupewa estrojeni. Lakini uamuzi huo hauwezi kufanywa pasipo mazungumzo, na mazungumzo huanza kwa swali.

Wanaofundisha wauguzi na madaktari wa mji huu wanaweza kulianzisha swali hilo bila gharama. Mwanamke aliyepita miaka 40, ajapo kwa ugonjwa wowote, aulizwe lini aliona mwezi kwa mara ya mwisho, na jibu lake liandikwe. Sisi wa idara za lugha tuna sehemu yetu pia, kwani istilahi zinazotungwa kwa ajili ya kamusi zinapaswa kupimwa kwa sikio la mgonjwa. "Ukomohedhi" na libaki katika vitabu. Katika chumba cha muuguzi wa Bagira, "ukomo wa mwezi" litaeleweka zaidi.