Rangi na Hatari katika Historia ya Fataki

Insha hii inachunguza chanzo cha rangi za fataki. Baruti iligunduliwa China katika karne ya 9, lakini kwa muda mrefu fataki zilitoa hasa mwanga mweupe na wa rangi ya chungwa. Katika miaka ya 1780, Mfaransa Claude-Louis Berthollet alitengeneza klorati ya potasiamu. Jaribio la kuitumia katika baruti ya vita huko Essonnes mwaka 1788 liliua watu wawili. Baadaye mafundi waliichanganya na chumvi za strontiamu na bariamu, wakapata nyekundu na kijani. Ilipochanganywa na salfa ililipuka kwa urahisi, hata Uingereza ikapiga marufuku mchanganyiko huo mwaka 1894. Kwa hiyo, urembo wa fataki na ajali zake vina asili moja.