Kauli ya Msimulizi na Ubeberu: Kongo ya Conrad na ya Tippu Tip

Heart of Darkness, kazi ya Joseph Conrad iliyotoka katika Blackwood's Magazine mwaka 1899, imejengwa kwa mbinu ya hadithi ndani ya hadithi. Msimulizi wa kwanza, asiye na jina, yumo chomboni katika mto Thames akimsikiliza Marlow, baharia anayesimulia safari yake katika mto mkubwa wa Afrika. Mto huo hautajwi jina, lakini Conrad mwenyewe alisafiri Kongo mwaka 1890, wakati nchi hiyo ilipokuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Mbinu hii inampa mwandishi nafasi ya kuutilia shaka ubeberu pasipo kuulaani kwa kauli yake mwenyewe. Ni Marlow anayeeleza manowari inayopiga mizinga msituni, wafungwa katika minyororo, na uchu wa pembe za ndovu. Hata hivyo, shaka hiyo hubaki mazungumzo ya Wazungu wao kwa wao. Katika mhadhara wake wa 1975 huko Amherst, Massachusetts, Chinua Achebe alibainisha kwamba Waafrika wa kazi hiyo hupewa maneno mara mbili tu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kimya hicho kinamgusa kwa karibu. Njiani Marlow anakutana na Mzungu anayelindwa na Wazanzibari wenye silaha. Wanatajwa kwa wembamba wa miili yao, kisha wanatoweka. Lugha yao haisikiki kabisa.

Ilhali Kongo hiyohiyo ilikuwa na msimulizi wake wa Kiswahili. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, alisimulia maisha yake kwa nafsi ya kwanza, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Humo Stanley na Wazungu wenzake ndio wanaotazamwa na kupimwa. Lakini msimulizi huyu alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mateka wake nao hupita karibu bila kauli.

Kwa hiyo kubadili lugha ya msimulizi pekee hakutoshi. Mhakiki wa usimulizi wa enzi hiyo, uwe wa Kiingereza au wa Kiswahili, hana budi kumtafuta mpagazi aliyezibeba pembe hizo, na kuuliza ni mbinu gani iliyomnyima kauli.