Pijo Gani Hiyo, Mwandishi?

Vijana wengi tunaoandika hadithi za Tanga ya zamani tunapenda kumpandisha meneja wa shamba la mkonge kwenye Peugeot, au Pijo kama tunavyoitamka. Sawa. Lakini Pijo gani?

404 ilianza kutoka Ufaransa mwaka 1960. Saluni yake utaijua kwa mapezi mawili nyuma, mchoro wa Pininfarina wa Italia. Stesheni wagoni ni ndefu zaidi, na ile ya familia ina safu tatu za siti. Kwa hiyo usiangalie nyuma, zunguka mbele. Taa za 404 ni za mviringo. Za 504 zina pembe, kama jicho lililoinuliwa kope. Gia isikuzuge: zote mbili zilitengenezwa na gia ya kwenye usukani.

Sasa njoo kwenye tarehe. Azimio la Arusha ni Februari 1967, na mwaka huohuo serikali ikachukua mashamba mengi ya mkonge. 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na stesheni wagoni yake ikafuata baadaye. Basi meneja anayefungasha virago mwaka 1967 na kukimbilia Muheza ndani ya 504 anaendesha gari ambalo bado halijazaliwa! Mpe 404. Tena ndiyo iliyokuwa na jina: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967.

Na gari likiwa sahihi, barabara je? Ukimpakia bi harusi kwenye 504 mwaka 1980 avuke Horohoro kwenda Mombasa, umekwama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Ndugu wa damu walitenganishwa na kizuizi cha barabarani. Hapo ndipo penye hadithi yenyewe, nasi tunapita juu yake kwa mwendo kasi.

Wapo watakaosema, ‘Ah, taa tu hizo!’ Lakini mzee aliyewahi kushika spana Ngamiani akikuta taa si zenyewe, hata machozi ya meneja wako hatayaamini. Kabla hujashika kalamu, mfuate umuulize. Yeye ndiye maktaba yetu, na maktaba hiyo haitakaa milele.