Mtetezi wa Haki Asiwe wa Mfukoni

Chombo cha kumlinda mnyonge dhidi ya dola hupimwa siku kinapotafutiwa kiongozi. Historia ya Poland inathibitisha hivyo.

Nchi hiyo ilianzisha nafasi ya Mtetezi wa Haki za Raia mwaka 1987, enzi za utawala wa Kikomunisti. Katiba ya 1997 iliagiza achaguliwe na Sejm, yaani baraza la chini la Bunge, kwa ridhaa ya Seneti. Uchaguzi wa 2019 uliiacha Sejm mikononi mwa chama tawala, na Seneti mikononi mwa wapinzani. Kipindi cha Adam Bodnar kilipokwisha Septemba 2020, mvutano ukaanza. Seneti iliwakataa wateule 3 wa Sejm. Sheria ilimruhusu Bodnar kuendelea mpaka apatikane mrithi. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ikatamka kuwa kanuni hiyo inapingana na Katiba. Julai 2021 mabaraza yote mawili yalimkubali Marcin Wiącek, profesa wa sheria.

Wapo wanaolaumu masharti ya ridhaa mbili. Sisi hatukubaliani nao. Upande mmoja ungetosha, kesi ya nyani ingeamuliwa na ngedere. Hapana budi, hata hivyo, Katiba yenyewe itamke nani atawatetea wananchi wakati viongozi wanavutana.